Suruali za Lubumbashi

Niseme mapema: Fundi hakuwa mwanamke rahisi kupendwa. Alikuwa na mdomo. Ukimpelekea kitambaa kibovu alikiinua kwa vidole viwili mbele za watu na kuuliza, "Hiki umenunua au umepewa?" Ukimwambia kiuno chako ni thelathini, anacheka. "Thelathini ya mwaka gani, mama? Simama hapa." Anakupima mara tatu, kila mara anaanza upya utadhani hajawahi kukuona, na ukijaribu kuvuta tumbo ndani anakupiga kakofi mgongoni. "Pumua wewe. Nguo utaivaa ukipumua." Wake za watumishi pale Biharamulo mjini walimwogopa, na bado walimpelekea vitambaa vyao, maana nguo ya Fundi ikikukaa, imekukaa.

Mimi nilikuwa mpangaji wake. Nilihamishiwa Biharamulo kufundisha darasa la kwanza, nikamwacha mume wangu Mabawe, kule Ngara, na migomba yake na kahawa yake. Nikapanga chumba kilichopakana na cha Fundi, ukuta wa tofali moja. Nilikaa miaka tisa. Kiswahili chake kilikuwa cha Waislamu wa mjini, watu wa maduka, kinateleza chenyewe. Changu kilikuwa cha mtoto wa Kihangaza aliyekikuta shuleni, nikichoka nasema "rori" badala ya "lori". Hilo hakuniachia hata siku moja. "Jamani, na huyu ndiye anafundisha watoto wetu!" Alikuwa amenizidi miaka kama kumi na tano, kwa hiyo kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, na yeye akaitikia "Marahaba, mwanangu," hata kama jana yake tulikuwa tumegombana kwa sababu ya ndoo ya maji.

Mumewe sikumkuta. Alikuwa fundi wa malori pale Nyakanazi, njia panda, na miaka miwili kabla sijafika alifuatana na madereva mpaka Lubumbashi, Kongo, kutafuta maisha. Alisema miezi sita. Miezi sita ikawa mwakani, na mwakani ikawa neno la kawaida tu pale nyumbani, linatajwa bila uchungu, kama watu wanavyotaja mvua. Watoto hawakujaliwa. Alikuwa peke yake na cherehani.

Sasa nieleze kile kilichonifanya nimkumbuke Fundi kuliko watu wengi niliowapenda zaidi.

Kila mwaka, Ramadhani ikifika katikati, alifunga kazi za wateja kwa siku tatu na kumshonea mumewe shati moja na suruali moja ya Idi. Alichagua kitambaa mwenyewe. Mzigo ukishakamilika aliupeleka Nyakanazi, akampa dereva anayerudi Dar, naye akampa mwenzake wa njia ya Tunduma, mpaka ukafika Kongo. Haukupotea hata mmoja. Na siku ya Idi simu inalia, na mimi ukutani kwangu nasikia akiuliza swali moja tu: "Imekukaaje?" Kisha anacheka kile kicheko ambacho wateja hawakuwahi kukisikia. Akimaliza anakuja mlangoni kwangu. "Kasema imemkaa kama nimempima jana."

Nilimwuliza siku moja, mwaka wangu wa kwanza, anampimaje mtu aliye Kongo. Aliniangalia kwa huruma.

"Kwa sikio," akasema.

Alikuwa na daftari la vipimo, la mistari, limefunikwa na karatasi ya kaki. Ukurasa wa mumewe ulikuwa wa mwanzo kabisa. Juu aliandika vipimo vya siku aliyoondoka: urefu futi tano na inchi tisa, kiuno thelathini na mbili, bega kumi na nane. Chini yake, mwaka baada ya mwaka, vipimo alivyovisikia kwenye simu. Si utani. Mumewe akipiga, Fundi alifumba macho, simu yenye sauti iliyofika mpaka kwangu kaibana begani, mkono mmoja kwenye daftari. "Sauti imeshuka," ananiambia baadaye. "Inatokea chini zaidi. Mtu sauti yake haishuki hivi kama shingo haijajaa. Nusu inchi ya kola." Mwaka mwingine: "Umesikia alivyohema akisema amepanda ngazi? Tumbo hilo. Kiuno naongeza." Kila mwaka aliongeza, nusu inchi, wakati mwingine inchi nzima. Mwaka wa mwisho kiuno kilikuwa kimefika thelathini na saba, na yeye anajivunia kila inchi. Mume ananenepa, maana yake anakula, anapumzika, hana mawazo. Alimnenepesha kwa mkono wake mwenyewe, daftarini.

Huyu ndiye mtu asiyeamini kiuno cha mteja aliyesimama mbele yake!

Ukutani kwenye kibaraza alichoshonea alitundika saa mbili. Moja ya kwetu, nyingine ameirudisha nyuma saa nzima, maana Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Hakuandika chochote chini yake. Siku moja bwana harusi kutoka Lusahunga, amekuja kuchukua suti, akasoma saa isiyokuwa yake, akakaa anakunywa chai kwa raha zake, na kanisani watu wanamsubiri. Ndugu za bibi harusi walikuja kufoka. Fundi hakuomba radhi. "Saa ile ina mwenyewe," aliwaambia. "Nani kamtuma aitazame?"

Aliitazama yeye. Katikati ya mshono aliacha kukanyaga na kuinua macho. "Sasa hivi anaoga." Au, "Anatoka kazini, anapita kwa muuza maandazi, anajifanya hana njaa." Alijua kona ambako mumewe alinunua vocha. Alijua kiti anachokalia akila na alijua kwamba analalia ubavu wa kulia, uso mlangoni. Nilidhani mumewe alimsimulia. Baadaye niligundua kwamba simu zao zilikuwa fupi mno, salamu na hali ya hewa na "nguo imekukaaje", basi. Yale mengine aliyashona mwenyewe.

Aliniuliza na mimi. "Mumeo sasa hivi anafanya nini?"

"Sijui. Labda yuko shambani."

"Labda! Yuko Mabawe hapo, siku moja tu ya basi, na unasema labda. Humpendi, Mwalimu."

Nilikasirika nikaingia ndani. Lakini neno lilinikaa. Nikaanza na mimi kumwaza mume wangu kwa saa: sasa anafunga mbuzi, sasa anakaa kwenye kigoda chake na kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, sasa yule jirani yetu mjane anapita kuomba moto na yeye anacheka naye kupita kiasi. Likizo ilipofika nilishuka kwenye basi nimenuna. Nikamsema mume wangu siku mbili mfululizo kwa mambo ya yule mjane. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mpole yule, akauliza, "Mama, huyo unayemsema ni nani? Maana mimi muhula huu wote nilikuwa na malaria." Nilitamani ardhi inimeze. Niliporudi Biharamulo nikamweleza Fundi nikidhani tutacheka wote. Hakucheka.

"Umewaza vibaya," alisema. "Umewaza woga wako. Mwanaume hawazwi hivyo. Unaanza na mwili. Mwili haudanganyi." Akarudi kwenye cherehani yake.

Simu za picha zilipoenea, mpwa wake alimletea moja kutoka Kahama na kumwonyesha: unabonyeza hapa, unamwona mtu anaongea. Fundi aliirudisha siku hiyo hiyo. Mimi nilimlaumu. Nikamwambia miaka yote hii, Fundi, hutaki hata kumwona?

"Nimwone kwenye kale kakioo, kadogo kama kiberiti? Mume wangu ana futi tano na inchi tisa." Akakata uzi kwa meno. "Na wewe ukishaiona picha, huwezi tena kuona kitu kingine."

Mumewe naye hakuwahi kuitaka simu ya picha. Tuliona ni mtu wa adabu za zamani.

Mjini watu walisema, kwani wangeacha kusema? Kwamba mwanaume miaka yote hiyo Kongo hawezi kuwa peke yake. Kuna mama mmoja alimletea maneno hayo akiwa amesimama kupimwa, mikono imenyooka kama msalaba. Fundi hakumwachia tepu. Aliendelea kupima, akaandika, kisha akamwambia, "Hata akiwa na mwanamke, dada, huyo mwanamke anaiona ile suruali ilivyomkaa. Anajua kuna mtu anayemjua huyu kuliko yeye." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikaelewa kwamba ndoa yake yote ilikuwa imesimama hapo. Hakudai mume asiwe na mtu. Alidai tu kuwa yeye ndiye amjuaye.

Alirudi mwaka wangu wa nane pale, mchana, siku ya Jumamosi. Mimi nilikuwa kibarazani nasahihisha madaftari. Mwanaume mmoja mwembamba akaja anaburuta begi kubwa, akasimama chini ya ngazi akashika nguzo, anahema. Koti lilimning'inia. Fundi aliinua macho, akampima kwa macho kama alivyowapima wote.

"Karibu, baba. Unashona au unarekebisha?" Akachukua tepu shingoni. "Panda juu. Wewe ni ishirini na nane, lakini nitakupima hata hivyo."

Yule mtu hakupanda. Kisha akasema, "Mke wangu, ni mimi."

Ilikuwa ile sauti. Nimeisikia ukutani miaka minane: nzito, ya kifua kipana, sauti ya mtu aliyeshiba. Ilitoka kwenye ule mwili na sikuamini macho yangu. Fundi alikuwa ameshaishika tepu kwa mikono miwili, tayari, na alibaki ameishika hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyeshuka kupokea begi, maana mtu alikuwa anataka kuanguka na mkewe hasogei.

Alikuwa mgonjwa. Kifua, na ini, na mambo ambayo madaktari walimwambia kwa Kifaransa. Alikuwa amekuja nyumbani kufa na alijua, na nadhani Fundi alijua kabla hajamaliza kupanda ngazi zile tatu. Siku mbili alimhudumia bila neno. Uji, maji ya moto, mto. Siku ya tatu alifungua begi ili afue nguo.

Fundi hakuwahi kufua nguo bila kuigeuza nje ndani, ndiyo desturi ya mafundi, wanatazama mshono kwanza. Nilimsikia ananiita. Hakuita kwa nguvu. "Mwalimu. Njoo uone kitu."

Alikuwa amezitandika zile suruali zote kwenye mkeka uani, kwa mpangilio wa miaka. Zilikuwa tisa, ya kumi alikuwa ameivaa mgonjwa. Zote zimegeuzwa. Mimi si fundi, aliponyoosha kidole ndipo nilipoona. Kila suruali ilikuwa imefumuliwa mshono wake wa nyuma na wa pembeni na kushonwa upya, ndani zaidi. Ile ya kwanza kabisa ilipunguzwa inchi moja. Ya pili, moja na nusu. Kadiri miaka ilivyokwenda, mshono mpya ulizidi kuukimbia ule wa zamani. Suruali za mwisho zilipunguzwa mno, mpaka aliyezipunguza akalazimika kung'oa mifuko ya nyuma na kuihamisha, maana suruali ukiipunguza hivyo bila kuhamisha mifuko inakaribiana mpaka inachekesha.

"Hakunenepa," Fundi alisema. "Hakunenepa hata mwaka mmoja. Mimi naongeza, na huyu anapunguza."

"Nani?"

"Mkono mmoja. Angalia. Miaka yote kumi ni mkono huu huu." Alipitisha kidole ndani ya kiuno. "Na angalia hapa. Amekunja kingo zote akazishonea kwa mkono, sindano ndogo ndogo, ili zisimchubue. Mtu wa kulipwa hafanyi hivi, Mwalimu. Mimi mwenyewe siwafanyii wateja hivi." Akailaza ile suruali mkekani. "Mimi mwenyewe sikumfanyia."

Mpaka leo nikikumbuka ule mkeka roho inaniuma. Laiti angekuta picha ya mwanamke, au barua, angejua la kufanya. Angefoka, na kufoka alikuwa anakuweza. Lakini alikuwa amekuta kazi nzuri.

Alimwuliza usiku ule ule? Hapana. Alimwuliza kesho yake saa nne asubuhi, mlango wazi, mimi nimekaa nje nachambua maharage, na nadhani alitaka niwepo.

"Huyu anayekupunguzia nguo ni nani?"

"Fundi wa pale mtaani."

"Fundi wa mtaani hakunji kingo."

Kisha ile sauti nzito, lakini sasa imepungua, sasa ilikuwa sauti ya mwili wake: "Anakaa na mimi. Tangu mwaka wa kwanza."

"Na simu? Ile sauti ya mtu aliyenenepa uliitoa wapi?"

"Nilikuwa nakaa chini kwanza. Navuta pumzi nyingi, najaza kifua, ndiyo napiga. Nikiongea kawaida ungejua naumwa." Akakohoa. "Halafu ukaanza kuleta nguo kubwa. Nikaona umefurahi. Ningekwambiaje? Ulikuwa unapenda sana kunijua."

Fundi alitoka. Alipita mbele yangu akaenda uani, akashika mti wa kamba ya kuanikia nguo na kuinamisha kichwa. Niliacha maharage nikamfuata. Alinisukuma. Kisha akanivuta tena, akaniegemea, mzito kweli, na hakulia.

Watu walitegemea atamfukuza. Mimi pia nilitegemea, tena nilimshauri hivyo, kwa hasira yangu mwenyewe. Nilimwambia mwache arudi kwa huyo anayekunja kingo. Alinijibu, "Atarudije, Mwalimu, na ngazi tatu zinamshinda?" Akamhudumia miezi saba. Na wakati huo wote hakumsamehe, niseme ukweli. Alimlisha kijiko kwa kijiko na kumnunia kwa wakati mmoja. Kuna siku nilimsikia akimwambia, "Fungua mdomo, muongo wewe," na yeye anafungua, na nadhani wote wawili walikuwa karibu kucheka.

Mara moja nilimkuta anampima. Mgonjwa alikuwa amelala, alasiri, amelalia ubavu wa kushoto na uso ukutani. Fundi alikuwa ameshika tepu lakini hakuipitisha. Alikuwa anampima kwa kiganja, kuanzia bega, taratibu, shibiri baada ya shibiri, midomo inahesabu. Aliponiona hakuona haya. "Futi tano na inchi saba," alininong'oneza. "Hata urefu." Alimshonea suruali mpya ya kiuno ishirini na saba. Akakunja kingo zote akazishonea kwa mkono. Ilimchukua siku nne, kwa kuwa hakuwa na mazoea. Mumewe aliivaa mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa imeshakuwa kubwa, na Fundi akaifumua na kuipunguza.

Alikufa mvua za vuli zilipoanza, tukamzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Fundi akaingia eda. Mimi uhamisho wangu wa kumfuata mume, niliouomba kwa miaka sita, ulitoka wiki mbili baadaye, ndivyo serikali ilivyo. Nilimwacha ndani ya kaniki yake ya eda, kibaraza kimefungwa. Nilirudi Ngara, nikapangiwa shule ya Bugarama. Nikaanza kuishi na mume wangu halisi, anayekoroma na anayesahau kufunga mbuzi, na kuna siku namkumbuka yule mwingine, niliyekuwa namwaza.

Mwaka mmoja na zaidi ukapita kabla sijarudi Biharamulo, kufuatilia faili langu halmashauri. Nilimaliza saa sita, nikaenda kwa Fundi moja kwa moja na mkungu wa ndizi za kwetu. Kibaraza kilikuwa wazi. Alikuwa amekonda, mvi zimetokeza chini ya mtandio. Nilimwamkia, akaitikia, akaupima mkungu kwa macho akasema mdogo. Nikajua yuko sawa kidogo.

Hatujakaa sawasawa simu ikalia. Aliitazama, akaniambia, "Ni Ijumaa. Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Wa Lubumbashi."

Nilishangaa mpaka nikasimama. Akaniashiria kukaa. Kumbe siku ya tatu baada ya maziko simu ya marehemu ililia, na Fundi akapokea, na ni yeye aliyempa mwanamke yule habari. Walilia wote, kila mmoja kwake, mpaka salio likaisha. Ijumaa iliyofuata yule akapiga tena. Tangu hapo kila Ijumaa. "Namwuliza mambo," Fundi alisema, kwa sauti ya chini, simu imekatika na kuanza kulia upya. "Alikuwa analala vipi, alikuwa anaogopa nini. Mimi nilikuwa sijui kitu, Mwalimu. Nilidhani anapenda maandazi. Hakuyala hata siku moja, yalimchoma tumbo. Na yeye ananiuliza ya ujana wake. Ana haki. Alimkuta ameshazeeka."

Akabonyeza, akaweka sauti ya nje, simu juu ya meza ya cherehani.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, laini, Kiswahili cha Kongo. Alimwita Fundi yaya, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa huko. Walisalimiana kwa kirefu. Waliongea habari za mvua, za bei ya unga, za mguu wa yule mama unaovimba. Niliona Fundi anatikisa kichwa utadhani mwenzake yuko mbele yake. Kisha yule akasema:

"Yaya, kuna kitu nataka kukuomba, nilikuwa naona haya. Marehemu alinisimulia sana juu yako. Kila tukikaa jioni. Anasema, mke wangu wa Biharamulo akishona anaimba. Anasema ana sauti nzuri mpaka watu wanasimama barabarani. Ile ndiyo alikuwa anaikumbuka kuliko vyote. Mimi nikifumua zile nguo zako nilikuwa namwaza huyo mtu anayeimba, ninaona haya, ninasema nimshonee vizuri mume wake. Basi, yaya, niimbie kidogo. Nisikie alichokuwa anasikia."

Miaka tisa nilipakana na Fundi. Nilisikia cherehani, nilisikia ugomvi, kikohozi, sala, nilisikia hata akikuna kichwa. Sikuwahi kumsikia akiimba. Hata Maulidi, wenzake wakiitikia, yeye alifunga mdomo; aliwahi kuniambia sauti yake ni ya debe, mama yake mwenyewe alimkataza akiwa mtoto. Hakuimba kwa mume wala kwa mtu yeyote. Lubumbashi, jioni, mwanaume alikuwa amekaa akimtengeneza mke anayeimba, miaka yote, na alimpenda huyo.

Fundi aliniangalia. Sijawahi kuuona uso ule, na Mungu anisaidie nisiuone tena. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Hata mazikoni hakulia mbele yangu.

Kisha akainama kwenye simu.

"Leo nina mafua, mdogo wangu," akasema, sauti imenyooka kabisa. "Koo limeniziba. Ijumaa ijayo nitakuimbia."

"Ijumaa, yaya. Nitasubiri."

"Ijumaa inshallah."

Simu ikakatika. Fundi alikaa, mikono mapajani, anaitazama sindano. Nje bodaboda ilipita. Nilitaka kumshika nikaogopa.

"Mwalimu," akasema, "wewe si unawaimbisha watoto wa darasa la kwanza?"

"Ndiyo, Fundi."

"Basi nifundishe wimbo mmoja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Usiwe wa kitoto sana. Anza polepole, mimi sijui kuimba."